ULIZA MWAKA WA MWONGOZO



Katika likizo iliyopita niliona jambo moja ambalo limenifanya nisome kuliko nilivyosomea mtihani wowote. Nataka kwanza niwasimulie jambo hilo, kisha niwaeleze niliyojifunza. Wengi wetu wa darasa la sita twatumaini kwenda vyuo vya utabibu na uuguzi, na baadhi yenu mliomaliza zamani mnafanya kazi hiyo sasa hivi katika vituo vya Arua, Koboko, Maracha na Yumbe. Basi somo hili ni letu sote.

1. MTOTO WA DADA YANGU

Nyumbani kwetu ni Koboko. Dada yangu mkubwa ana mtoto wa kiume, umri wake miaka miwili. Jioni moja mtoto huyo alishikwa na homa kali, na giza lilipoingia alipatwa na degedege, akawa hamtambui hata mama yake. Tulipanda bodaboda, mimi nimemshika dada na dada amemshika mtoto, tukakimbilia kituo cha afya. Jina la kituo silitaji, maana jambo hili lingeweza kutokea katika kituo chochote.

Zamu ya usiku ilikuwa ya sista mmoja mtu mzima, mpole, mwenye mikono myepesi. Alituliza degedege, akampima mtoto damu, akasema ni malaria kali. Akampima uzito: kilo 12. Kisha aliinua taa akasoma chati iliyobandikwa ukutani, karatasi iliyogeuka manjano, imeshikwa kwa plasta pembe zote nne. Chati ilisema: sindano ya atesuneti, miligramu 2.4 kwa kila kilo ya mgonjwa. Sista akapiga hesabu: 12 mara 2.4 ni 28.8. Akachoma sindano hiyo saa mbili ya usiku.

Asubuhi saa mbili, wakati wa sindano ya pili, aliingia tabibu kijana ambaye ndiyo kwanza ametoka chuoni. Alitazama karatasi ya mgonjwa, akasema kwa adabu, "Mama, huyu yuko chini ya kilo 20. Nadhani dawa yake ni miligramu 3 kwa kilo."

Sista akamwonyesha ukuta. "Mwanangu, chati ndiyo hiyo. Miaka yote twaifuata."

Kijana akatoa simu yake. Mtandao haukuwapo asubuhi ile, lakini kitabu cha Wizara ya Afya alikuwa amekwisha kukipakua alipokuwa Arua. Akafungua ukurasa, wakausoma wote wawili, vichwa vimeinama juu ya kioo kile kidogo. Kitabu kilisema wazi: mtoto aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kilo. Kwa mtoto wetu ni miligramu 36.

Sista alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Chati yetu ni ya mwaka gani?" Walipoinama kutazama pembeni chini waliona 2012. Kitabu kilichokuwa katika simu kilikuwa cha 2023. Basi sista akatwaa kalamu nyekundu, akakata namba ya zamani, akaandika namba mpya na tarehe ya siku ile. Mtoto akapata 36, na jioni akapata 36 nyingine. Kesho yake alifungua macho akaomba uji.

Sisemi kwamba kipimo cha kwanza kingemwua. Wala sisemi kwamba sista alifanya uzembe, maana alifuata sawasawa karatasi aliyopewa. Nasema tu kwamba karatasi yenyewe ilikuwa imepitwa na wakati, na kwa usiku ule mmoja mtoto wetu alipata dawa pungufu kwa sehemu moja katika tano. Ndipo nilipojiuliza: namba hizi hutoka wapi? Nani huzibadilisha? Na zikibadilika, habari humfikiaje mtu aliye zamu ya usiku Koboko?

2. MWONGOZO WA TIBA NI KITU GANI?

Mwongozo wa tiba ni maelezo yaliyoandikwa na jopo la wataalamu kumwambia mhudumu wa afya: ukimwona mgonjwa mwenye dalili hizi, pima kitu hiki, toa dawa hii, kwa kiasi hiki, kwa siku hizi, na ukiona hatari fulani, mpeleke mbele upesi. Mwongozo si amri ya kumfunga mtu, wala hauchukui nafasi ya akili yake. Tabibu mwenye sababu njema aweza kuuacha, lakini yampasa aiandike sababu hiyo katika karatasi ya mgonjwa.

Zamani kila tabibu alitibu kama alivyofundishwa na mwalimu wake. Mwalimu akiwa hodari, wagonjwa walipona. Lakini mwalimu akiwa na kosa, kosa lake liliendelea kuishi katika wanafunzi wake hata baada ya yeye kustaafu. Mwongozo uliandikwa ili kosa lionekane na watu wengi, na kurekebishwa kwa wote kwa pamoja.

Hapa Uganda kitabu kikuu ni kile cha Wizara ya Afya kiitwacho Uganda Clinical Guidelines. Kitabu hiki hutolewa upya baada ya miaka kadhaa: kuna toleo la 2010, la 2012, la 2016, na la 2023. Toleo la 2016 lina kurasa zaidi ya 1,000, nalo lahusu magonjwa ya kawaida tangu malaria hata kuumwa na nyoka. Jambo lililonipendeza ni hili: kando ya tiba kuna alama ya kuonyesha inaweza kutolewa wapi. HC2 ni kituo cha parishi, HC3 ni cha kaunti ndogo, HC4 ni kituo kikubwa chenye chumba cha upasuaji, H ni hospitali, na RR ni hospitali ya rufaa ya mkoa kama ile ya Arua. Kwa hiyo kitabu hakimwambii sista wa parishi afanye kazi ya daktari wa Arua. Chamwambia afanye lipi akiwa pale pale alipo, na wakati gani amtafutie mgonjwa gari.

3. NAMBA HUTOKA WAPI?

Namba hizi hazitoki katika kichwa cha mkubwa fulani. Hutoka kwa wagonjwa waliohesabiwa. Nitatoa mifano miwili.

Mfano wa kwanza ni hiyo atesuneti. Kwa miaka mingi malaria kali ilitibiwa kwa kwinini. Kati ya 2005 na 2010 yalifanyika majaribio katika nchi 9 za Afrika, Uganda, Kenya, Tanzania na Kongo zikiwa miongoni mwake. Watoto 5,425 wenye malaria kali waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapewa kwinini na nusu atesuneti. Waliopewa kwinini walikufa 297. Waliopewa atesuneti walikufa 230. Tofauti ni watoto 67. Matokeo yalichapwa mwaka 2010, na mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likasema watoto nao watibiwe kwa atesuneti. Baadaye wataalamu waliona kwamba kwa kipimo kile kile cha 2.4, dawa ilikuwa chache zaidi katika damu ya watoto wadogo kuliko katika damu ya watu wazima. Kwa hiyo mwaka 2015 shirika hilo likapandisha kipimo cha walio chini ya kilo 20 kuwa miligramu 3. Sasa mwafahamu chati ya 2012 ilikosa nini. Siku ilipochapwa ilikuwa sahihi. Mwaka 2015 ikawa si sahihi tena. Nayo haikuwa na mdomo wa kusema hivyo.

Mfano wa pili wafundisha unyenyekevu. Mtoto mwenye homa kali, ambaye damu yake haizunguki vizuri, madaktari wa dunia nzima walizoea kumpa maji mengi ya mshipani kwa haraka. Kila mtu aliona ni jambo la akili. Lakini madaktari wa Afrika Mashariki walilipima. Watoto 3,141 walihesabiwa katika hospitali za Kilifi, Muheza, Mulago, Mbale, Soroti na Lacor. Matokeo yalitoka mwaka 2011. Katika kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka, 10 au 11 walikufa katika saa 48. Katika kila 100 ambao hawakupewa, 7 walikufa. Desturi iliyoaminiwa kote ilikuwa ikiongeza vifo vya watoto wa namna hiyo. (Tafadhali msichanganye: watoto walioishiwa maji kwa kuharisha hawakuwa katika majaribio hayo, nao tiba yao ni nyingine.) Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya juu ya jambo hili mwaka 2016. Hesabuni wenyewe: tangu 2011 hata 2016 ni miaka 5. Hata wenye vitabu vikubwa huchelewa.

Nasi watu wa West Nile tusidhani kwamba hesabu za namna hii ni za watu wa mbali tu. Hospitali ya misheni ya Kuluva, kusini ya mji wa Arua, ilikuwa na daktari aliyeitwa Ted Williams. Mwaka 1961 yeye na daktari Denis Burkitt na daktari Cliff Nelson walisafiri kwa gari maili kama 10,000 kutoka Uganda kwenda kusini ya Afrika, wakiuliza katika hospitali baada ya hospitali habari za uvimbe wa taya unaowapata watoto. Aliporudi Kuluva, Williams aliendelea kuandika kila mtoto wa West Nile aliyekuwa na ugonjwa huo: anakaa wapi, na ulimwanza lini. Mwaka 1967 habari za daftari zake zilichapwa Uingereza, zikionyesha kwamba wagonjwa walitokea kwa mafungu, mahali fulani na wakati fulani. Wataalamu walitumia daftari hizo kwa miaka mingi baadaye. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Maarifa nayo ni mali.

4. MFANO WA KWETU: UGONJWA WA MALALE

Ikiwa kuna ugonjwa unaofundisha vizuri jinsi miongozo inavyobadilika, ni malale, unaoletwa na mbung'o wa mitoni. Wazee wetu wa Arua, Koboko, Moyo na Adjumani waujua vizuri.

Mgonjwa ambaye malale yamefika ubongoni alitibiwa kwa miaka mingi na dawa iitwayo melasoproli, iliyoanza kutumiwa mwaka 1949. Dawa hiyo ina aseniki, ambayo ni sumu, na katika kila wagonjwa 100 waliotibiwa, kama 5 waliuawa na dawa yenyewe. Waliosalia walisema sindano yake huunguza mshipa kama moto. Hata hivyo iliandikwa katika miongozo yote, maana pasipo dawa mgonjwa wa malale hufa.

Katika miaka ya 1990 jambo jingine baya lilionekana hapa kwetu. Katika kituo cha Omugo, wakati huo katika wilaya ya Arua, ambako Médecins Sans Frontières walitibu malale, wagonjwa wengi waliotibiwa kwa melasoproli walirudiwa na ugonjwa. Ilibidi kutafuta njia nyingine. Kulikuwa na eflonithini, isiyo na aseniki, lakini ilitolewa kwa dripu mara 4 kila siku kwa siku 14, yaani dripu 56 kwa mgonjwa mmoja. Fikirini kazi hiyo katika kituo kimoja cha kijijini, usiku na mchana.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wagonjwa wa Omugo walishiriki katika majaribio ya kuchanganya dawa, na baadaye majaribio makubwa zaidi yalifanyika Kongo. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani liliingiza mchanganyiko mpya katika orodha yake ya dawa za lazima: vidonge vya nifutimoksi kwa siku 10, pamoja na eflonithini kwa dripu mara 2 kila siku kwa siku 7. Dripu 56 zikawa 14. Kisha zikaja habari za vidonge vya feksinidazoli, vinavyomezwa pamoja na chakula kwa siku 10, bila dripu hata moja. Shirika hilo liliviingiza katika mwongozo wake wa 2019, kwa watu wa miaka 6 na zaidi wenye uzito wa kilo 20 na zaidi. Ila mgonjwa ambaye ubongo wake umeshambuliwa sana bado hupewa mchanganyiko ule wa dripu.

Wakati huo huo, tangu mwaka 2011, vitambaa vidogo vya buluu vyenye dawa ya kuua mbung'o viliwekwa kando ya mito yetu, hata mbung'o wakapungua sana. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba malale ya aina hii si tishio tena kwa afya ya umma katika Uganda.

Sasa, ndugu msomaji, tuseme mgonjwa mmoja wa malale atokee kesho katika kituo chetu, baada ya miaka mingi ya kutoona hata mmoja. Tabibu akifungua kitabu cha kale kabatini ataona melasoproli. Akifungua mwongozo wa leo ataona vidonge. Mgonjwa ni yule yule, kituo ni kile kile. Mwaka ulioandikwa kwenye jalada ndio unaoamua kama atapewa sumu au atameza vidonge. Tena ugonjwa unapopungua ndipo mwongozo mpya unapohitajiwa zaidi, maana hakuna tena anayekumbuka tiba kwa kichwa.

5. HAZINA ZA MIONGOZO KATIKA INTANETI

Kwa sababu vitabu vya karatasi huchelewa, watu waliunda hazina za miongozo katika intaneti. Kwa Kiswahili cha siku hizi hazina ya namna hiyo huitwa kanzidata au hifadhidata. Ni kama kabati kubwa la maktaba: waandika jina la ugonjwa, nayo yakuletea miongozo iliyomo juu ya ugonjwa huo. Nitataja chache.

(a) Wizara ya Afya ya Uganda ina maktaba yake katika intaneti, na humo kile kitabu chetu kikuu chapatikana bure. Hiyo ndiyo ya kwanza kwa mtu anayefanya kazi hapa, kwa sababu dawa zinazotajwa humo ndizo zilizopangwa kwa vituo vyetu.

(b) Shirika la Afya Duniani huweka miongozo yake yote wazi. Mwaka 2021 lilikusanya miongozo yake yote ya malaria mahali pamoja katika intaneti, ikawa hurekebishwa kipande kwa kipande pasipo kungoja kitabu kizima kichapwe upya.

(c) Médecins Sans Frontières hutoa miongozo yao bure kwa Kiingereza, Kifaransa na Kihispania. Kwetu sisi tunaopakana na Kongo hicho Kifaransa kina faida, maana tabibu wa Koboko na tabibu wa upande wa pili waweza kusoma ukurasa mmoja, kila mtu kwa lugha aliyosomea.

(d) Hinari, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapaji, si hazina ya miongozo hasa, bali ni ya majarida ya utabibu. Vyuo na hospitali za nchi maskini husoma humo bure au kwa bei ndogo. Atakaye kujua namba ya mwongozo ilitoka wapi, hutafuta humo.

Tena kuna habari moja ya kusikitisha. Marekani ilikuwa na hazina kubwa iliyoitwa National Guideline Clearinghouse, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1990. Ilikuwa na kanuni nzuri: mwongozo ambao haukuandikwa au kukaguliwa katika miaka 5 iliyopita haukukubaliwa kukaa humo. Lakini tarehe 16 Julai 2018 hazina hiyo ilifungwa kwa sababu fedha za kuiendesha zilikwisha. Basi tusidhani kwamba kitu kikiwa katika intaneti hakiwezi kufa. Hazina ya intaneti ni kama shamba: asipokuwapo mtu wa kulipalilia na wa kumlipa mpaliliaji, magugu hulishinda. Ukurasa uliotelekezwa bado wafunguka, bado wapendeza macho, lakini ndani yake ni chati ile ile ya manjano.

6. MASWALI MATANO

Kutokana na niliyosoma, nimejitungia maswali matano ya kuuliza kila nionapo mwongozo wowote, uwe wa ukutani au wa simu.

La kwanza: ni wa mwaka gani, na je, kuna mpya zaidi? Hili nimeliweka mbele kwa sababu mmekwisha kuona.

La pili: nani aliuandika? Wizara, shirika linalojulikana, chama cha madaktari? Au ni mtu aliyetuma ujumbe katika kikundi cha simu bila jina?

La tatu: wategemea ushahidi gani? Mwongozo mzuri husema wazi kama shauri lake lina ushahidi wa nguvu au ni maoni tu ya waliokaa mezani.

La nne: ni kwa nani, na mahali gani? Mwongozo wa London wenye mashine ya kupiga picha ya ubongo hauwezi kufuatwa katika kituo chenye taa ya mkononi. Na kipimo cha mtu mzima si cha mtoto.

La tano: nani alilipa gharama? Muuza dawa akigharamia mwongozo unaosifu dawa yake, soma kwa macho mawili.

7. SHIDA ZETU NA LA KUFANYA

Sitaki kuwadanganya kwamba simu ni dawa ya kila shida. Mtandao hukatika, umeme hukatika, bando huisha, na simu ya muuguzi ni mali yake mwenyewe aliyoinunua kwa mshahara wake. Tena miongozo hii ni ya Kiingereza, wakati mama wa mtoto asema Kikakwa, Kilugbara, Kinubi au Kiswahili. Na Koboko ipo kwenye pembe ya nchi tatu. Mgonjwa aliyeanzishiwa dawa Kongo au Sudan Kusini aja na kadi ya huko, au haji na kadi kabisa, na tabibu wetu hana budi kukisia.

Lakini yako mambo ambayo hayangoji serikali wala msaada, nami nayataja kwa heshima mbele ya wakubwa wangu.

Mwenye simu apakue kitabu kizima siku aliyo mjini penye mtandao, kikae ndani ya simu, kisomeke hata mahali pasipo mtandao. Yule tabibu kijana asingaliweza kufungua intaneti asubuhi ile. Kilichomsaidia mtoto wetu ni kazi aliyoifanya wiki nyingi kabla, akiwa Arua.

Kila kituo kichague mtu mmoja wa kukagua kuta. Mara mbili kwa mwaka azunguke na kalamu, asome mwaka wa kila chati, na iliyopitwa aishushe. Chati ya zamani isiachwe kando ya mpya, kwa kuwa mtu aliyechoka usiku husoma ile iliyo karibu.

Wakubwa wasione haya kusahihishwa, na wadogo wasahihishe kwa adabu. Nimeona kwa macho yangu jinsi linavyowezekana. Kijana alisema "Mama", wala hakusema "umekosea". Sista aliuliza mwaka, wala hakuuliza "wewe ni nani?" Kama mmoja wao angalitaka ushindi, ningalikuwa na habari nyingine ya kuwaandikia leo.

Nasi wanafunzi tujizoeze tangu sasa. Katika maktaba yetu ya shule kuna vitabu vya sayansi ambavyo baba zetu wangevitambua. Tuvipende, lakini tufungue kwanza ukurasa wa mwaka.

Kabla sijarudi shuleni nilipita tena katika kituo kile kumshukuru sista. Chati ya manjano haikuwapo. Mahali pake palikuwa na karatasi mpya iliyoandikwa kwa mkono, herufi kubwa, na juu kabisa, kabla ya jina la dawa, aliandika: MWAKA 2023. CHINI YA KILO 20: 3. Chini yake aliacha nafasi tupu. Nilimwuliza nafasi ile ni ya nini. Akacheka, akasema, "Ni ya namba itakayokuja, mwanangu. Labda utaiandika wewe."

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mtoto ana kilo 15. Tafuta tofauti kati ya kipimo cha atesuneti katika chati ya 2012 na kile cha mwongozo wa sasa.
2. Kwa nini tiba iliyoaminiwa na madaktari wote yaweza kuwa na madhara? Toa mfano mmoja kutoka Afrika Mashariki.
3. Eleza kwa nini mwongozo mpya wa malale wahitajiwa zaidi sasa, wakati ugonjwa umepungua.
4. Hazina ya Marekani ilikuwa na kanuni gani juu ya miaka ya miongozo, na kwa nini ilifungwa?
5. Tembelea kituo cha afya kilicho karibu na kwenu, uombe ruhusa, usome mwaka wa chati moja ya ukutani. Ukiona imepitwa na wakati, utamwambiaje mwenye zamu?